Umebusti gari na sasa ina mambo: anza kutizama wapi kabla hujaambiwa kontroboksi imeungua

Hii naandika kwa ajili ya mtu ambae saa hizi kafungua boneti na hajui afanye nini. Betri ilikufa, akaja jirani na gari yake, wakaunga waya, na sasa ama gari haikuwaka kabisa ama imewaka lakini kuna kitu hakiko sawa, taa ya betri haizimi, redio imekufa, usukani mzito, au kuna harufu. Na kitakachofata nakijua, atakuja mtu ataangalia dakika mbili atasema kontroboksi, yani kompyuta ya injini, imeungua, nunua nyengine. Jamani usitoe hela bado. Kontroboksi ni kitu cha mwisho kutizamwa, na mara nyingi sana ukifatilia vizuri unakuta kilichokufa ni fyuzi moja kubwa ambayo imefanya kazi yake ya kulinda vyengine.

Kabla ya kugusa chochote jiulize jana au asubuhi ilikuwaje hasa, muulize na aliyekusaidia bila ya kumlaumu, mana ukimlaumu hatosema kweli. Ilitoka cheche kubwa wakati wa kuunga? Gari iliyotoa umeme ilikuwa gari ndogo au lori? Waya zilichomolewa injini ikiwa inavuma kwa kukanyagwa mafuta? Kuna mtu alichomoa kichwa cha betri gari ikiwa inawaka eti apime altaneta, ile inayotengeneza umeme injini ikiwaka? Majibu ya hayo ndio nusu ya kazi, kwa sababu uharibifu wa kubusti unakuja kwa njia tatu tu kubwa: waya kugeuzwa, volti kuzidi, na volti kuruka ghafla wakati wa kuchomoa. Mengine yote ni waya mbovu na betri iliyochoka, hayo hayajaunguza kitu.

Inalia tik tik tik tik haraka haraka, taa zinafifia

Hapa pumua, hakuna kilichoungua. Stata, ile mota inayozungusha injini ipate kuwaka, inataka umeme mwingi na haufiki. Sisi tunaokaa visiwani tuna tatizo moja kubwa ambalo watu wa bara hawalioni sana, chumvi ya hewani, gari inayolala Nungwi au Paje au Jambiani karibu na pwani taminali zake zinaota unga mweupe na kijani, na ukibana kibanio juu ya ule unga umeme haupiti hata betri ya jirani iwe mpya vipi. Zungusha kibanio kushoto kulia kikwaruze mpaka kishike chuma safi, jaribu tena. Ukifika nyumbani fungua taminali, anza na negativu, safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo (usiingize ndani ya betri), piga msasa, kausha, paka grisi juu baada ya kukaza.

Kitu cha pili ni waya zenyewe. Zipo waya za kubusti zinauzwa rahisi, ukizishika nene unazipenda, ukikata ni plastiki tupu na ndani kuna nyuzi chache, tena ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwa gari ndogo ya petroli kama Vitz au IST unataka waya wa shaba wa milimita za mraba 16 usipungue, dizeli kubwa 25 kwenda juu. Njia rahisi ya kujua, baada ya kujaribu kuwasha shika waya, kama umepata moto basi umeme umeishia kuupasha waya, haukufika kwenye stata.

Na haraka, haraka ndio inatuponza. Watu wanaunga tu halafu hapo hapo wanapiga swichi. Gari inayosaidia iwashwe, ikanyagwe mafuta kidogo tu, iachwe hivo kama dakika 5 betri iliyokufa ipate kitu, ndio ujaribu. Ukipiga stata usizidishe sekunde 10, ikikataa acha ipoe dakika moja au zaidi. Stata inayopigwa mfululizo kwa umeme mdogo inapata moto na hapo ndio unaanza kutengeneza tatizo la pili.

Kama badala ya tik tik unasikia "tak" moja nzito na kimya, na taa hazififii, hio si betri, ni stata yenyewe. Kwenye Toyota nyingi kuna vipande vya shaba ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya umeme iliyoshikana na stata) vinalika kwa umri, fundi anabadilisha vile vipande tu na stata inarudi, si lazima ununue stata nzima.

Ilitoka cheche kubwa, sasa gari kimya

Hii ndio inayotisha watu, na ndio ile ya waya kugeuzwa, positivu imekwenda kwenye negativu. Ndani ya altaneta kuna diodi, kazi yake kupitisha umeme upande mmoja tu. Ukigeuza betri zile diodi zinajikuta zinapitisha moja kwa moja bila kizuizi, mamia ya ampia yanapita kwa mara moja, na ndio mana waya unatoa cheche na mara nyengine moshi. Sasa Toyota na wengine walilijua hilo, wakaweka fyuzi kubwa baina ya betri na altaneta. Fungua boksi la fyuzi lililo karibu na betri, tizama chini ya kifuniko kuna ramani, tafuta iliyoandikwa ALT, mara nyingi ni ya ampia 100 au 120, ina kidirisha cha plastiki juu unaona ukanda wa chuma ndani. Kama ukanda umekatika au kidirisha kimeungua cheusi, mchawi wako ni huyo.

Dalili yake inachanganya kidogo kwa sababu gari haifi yote. Unaweza kukuta honi inalia, hazadi zinawaka, lakini ukigeuza swichi deshibodi haioneshi kitu, au deshibodi inawaka vizuri na gari inawaka lakini taa ya betri haizimi kabisa na baada ya safari fupi inakufa tena, inategemea gari imepitisha vipi umeme wake. Kwa hio tizama na ile ya MAIN, na EFI, na DOME, na ECU-B, moja moja. Usizitizame kwa macho tu, chukua multimita (kipimo cha umeme) au taa ya kupimia gusa pande zote mbili za fyuzi, pande zote lazima kuwe na umeme.

Fyuzi ya ALT kwenye gari nyingi imefungwa kwa skurubu, haichomolewi kwa koleo. Watu wanaivuta kwa nguvu wanavunja boksi zima. Toa negativu ya betri kwanza, kisha fungua boksi upande wa chini au pembeni ufike kwenye skurubu.

Sasa hapa nakuomba kwa dhati. Usikubali mtu aifunge kwa waya wa shaba. Najua Pemba hasa, uko Micheweni au Konde, duka la spea liko mbali Chake au Wete, na fundi anakwambia weka waya ufike nyumbani. Kama diodi zimeshaungua zikashikana, ule waya wako hautokatika, utakachopata ni moto chini ya boneti. Bora gari ilale hapo ilipo, mtu apande daladala akalete fyuzi.

Ukishaweka fyuzi mpya, kabla ya kuwasha pima: injini imezimwa, multimita kwenye volti za DC, mguu mmoja kwenye nati kubwa ya nyuma ya altaneta, mwengine kwenye chuma cha injini. Usome volti za betri, kumi na mbili na kitu. Ukisoma sifuri basi bado kuna mahali pamekatika. Na ikiwa fyuzi mpya imekatika hapo hapo ulipoiweka basi diodi zimeshikana, altaneta ishuke.

Vipi watu wanageuza wakati rangi zipo? Kwa sababu rangi zinadanganya. Gari zetu zimepita mikono mingi, mtu kabadilisha waya kaweka mweusi pote, au kaweka nyekundu kwenye negativu kwa kuwa ndio uliokuwepo. Kuna na betri zenyewe, zile zenye namba za Kijapani kama 46B24 mwisho wake kuna herufi L au R, inaonesha positivu iko upande gani, ukinunua L badala ya R vichwa vinakuja kinyume na waya za gari, mtu anazivuta zifike na hapo ndio kosa linapoingia. Usiamini rangi, usiamini upande. Tafuta alama ya + iliyochongwa kwenye plastiki, na kama imefutika tizama unene, kichwa cha positivu ni kinene kuliko cha negativu. Multimita ndio hakika, ikikuonesha alama ya kutoa mbele ya namba basi umeshika kinyume.

Inawaka, lakini ukichomoa waya inazima, au taa ya betri haizimi

Gari inakula umeme wa mwenzake, altaneta yake haitoi. Iwashe tena, pima kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inawaka, unataka baina ya 13.8 na 14.5 hivi. Ukiona 12 na inashuka, haichaji. Anza na fyuzi ya ALT nshasema, kisha plagi ndogo ya altaneta kama imekaa, kisha mkanda, ndio uende kwenye diodi na regyuleta, ile inayodhibiti volti za altaneta. Diodi unaweza kuzipima mwenyewe kijuujuu, weka multimita kwenye volti za AC injini ikiwaka, gusa betri, ikisoma zaidi ya nusu volti kuna diodi imeharibika.

Na hapa ndio nije kwenye lile jambo linaloniuma zaidi kuliko yote. Kuna mtindo bado upo kwenye magereji mengi na hata mitaani, gari ikiwaka mtu anachomoa kichwa cha betri eti gari ikiendelea kuwaka altaneta nzima. Zamani kwenye gari za kabureta zisizo na kompyuta ulikuwa unaponea. Kwa gari za leo hapana kabisa. Altaneta wakati ule inasukuma umeme kwa nguvu kwenye betri iliyo na njaa, ni kama mtu anaesukuma mlango kwa bega lake lote halafu mlango ukafunguliwa ghafla, nguvu ile lazima iende mahali. Volti zinaruka kwa sehemu ndogo ya sekunde, zinaweza kupita hata 60, na zinapita kwenye redio, kwenye kontroboksi, kwenye taa, kwenye regyuleta ya altaneta yenyewe. Mara nyengine hakifi kitu siku hio. Gari inaondoka, mtu anajisifu, wiki ya pili redio inaanza kukata, hakuna anaekumbuka tena kuwa kuna mtu alichomoa betri.

Jambo hilo hilo linatokea kwenye waya za kubusti. Gari imewaka, watu wamefurahi, mwenye gari anaikanyaga mafuta vuuu isije ikazima, na mwenzake anachomoa waya hapo hapo. Fanya hivi: iache itulie silensa, yani ivume yenyewe bila ya kukanyagwa mafuta, subiri dakika mbili tatu, washa feni ya ndani na kipasha kioo cha nyuma kwenye gari iliyokuwa imekufa ili umeme upate pa kwenda, kisha chomoa kwa kurudi nyuma, negativu ya kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa kwanza, kisha negativu ya gari iliyosaidia, kisha positivu yake, mwisho positivu ya iliyokufa. Na vibanio visigusane hata mara moja vikiwa na umeme.

Umeme ulitoka kwenye lori

Kama lililokusaidia ni Fuso au Isuzu kubwa, hapo ukae ukijua jambo linaweza kuwa zito kweli. Malori hayo yana betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa kufatana, jumla 24. Ukiunga kwenye vichwa vya mwisho umeipa gari yako mara mbili ya volti zake. Dalili zake ni nyingi kwa pamoja, balbu kadhaa zimekatika kwa mara moja, redio kimya, harufu ya plastiki iliyoungua ndani ya deshibodi, taa za onyo zinawaka zote au hakuna hata moja. Na fyuzi hazikulindi vizuri hapa kwa sababu fyuzi inakatika kwa ampia nyingi, haijui volti. Hata baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zina stata ya volti 24, kwa hio ukiona betri mbili chini ya boneti usiunge mpaka umepima. Wanaosema tunachukua betri moja tu ya lori, inawezekana, lakini ukikosea kichwa kimoja tu umeshapata 24, na mimi sikushauri ufanye hivo usiku barabarani kwa mwangaza wa simu.

Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa redio na usukani na vioo

Sehemu hii naomba isomwe na kila mwenye gari ya Japani, mana watu wanalizwa pesa za bure. Betri ikifa kabisa au ikitolewa, gari inasahau mambo. Redio nyingi za Toyota zenye ramani zikikosa umeme zinajifunga, zinaleta maandishi ya Kijapani zinataka kadi yake ya SD au namba ya siri. Hio redio haijaungua! Imejifunga, wapo watu wanaifungua kwa ile namba inayoitwa ERC inayojitokeza kwenye kioo. Usiitupe.

Taa ya usukani wa umeme, EPS au ile yenye picha ya usukani, na ABS, zinaweza kuwaka kwa sababu tu volti zilishuka sana wakati wa kupiga stata. Chaji betri vizuri, endesha kidogo, zima washa, nyingi zinaondoka zenyewe. Silensa kuwa juu au chini au kutetemeka siku ya kwanza pia ni kawaida, kontroboksi inajifunza upya, ipe muda. Kioo cha dereva kimepoteza ile ya kupanda chenyewe, kishushe mpaka chini, kipandishe mpaka juu na uendelee kuvuta swichi sekunde chache. Saa na taa ya ndani zimekufa pamoja, tizama fyuzi ya DOME. Kama baada ya betri kuchajiwa sawasawa na siku mbili tatu za kuendesha taa ya EPS bado ipo, hapo ndio umtafute mwenye skana, ile mashine ya kusoma kompyuta za gari.

Harufu ya yai bovu, betri ina moto au imevimba

Zima kila kitu, ondoka karibu. Usibusti betri iliyovimba au iliyopasuka. Betri inayochajiwa inatoa haidrojeni, inawaka kwa cheche ndogo tu na betri inaripuka asidi usoni, na hio ndio sababu kibanio cha mwisho cheusi hakibanwi kwenye betri iliyokufa bali kwenye chuma kitupu cha injini mbali kidogo, ili cheche itoke huko. Sigara na kiberiti vikae mbali. Asidi ikiingia jichoni maji mengi safi kwa dakika 15 na zaidi kisha hospitali, usisubiri. Kama harufu inakuja gari ikiwa inatembea pima volti, ikizidi 15 regyuleta imekufa na inaipika betri.

Iliwaka vizuri, asubuhi imekufa tena

Ama betri yenyewe ishachoka, joto letu linazila betri haraka, ama haikuchajiwa. Mtu anabusti Darajani anaendesha mpaka Mwanakwerekwe na AC na foleni anazima, hapo hakuna kilichoingia. Altaneta haikutengenezwa kufufua betri iliyokauka, ipeleke kwa mwenye chaja ilale usiku, taratibu, betri ya ampia-saa 45 kwa ampia 4 au 5. Ikitoka pale, ikapumzika masaa kadhaa ikasoma 12.6 na ikishikilia mpaka kesho yake, betri nzima. Ikishuka yenyewe hali haijaungwa na kitu, nunua nyengine.

Lakini betri nzima ikifa ndani ya gari, kuna kinachonyonya. Alamu, traka, redio iliyoungwa moja kwa moja. Na usisahau diodi, mana diodi iliyojeruhiwa siku ile ya kubusti inaweza kuwa inachaji mchana na kuvujisha usiku. Gusa altaneta asubuhi kabla hujawasha, ikiwa na uvuguvugu na gari imelala usiku mzima, umeshapata jibu. Kwa kipimo, gari imefungwa na imeshatulia nusu saa, isinyonye zaidi ya miliampia 50 hivi.

Wenye Prius na Aqua

Hizi hazina stata wala altaneta ya kawaida, betri yake ndogo ya volti 12 kazi yake kuamsha kompyuta tu. Kwenye Prius nyingi betri iko nyuma, lakini kuna pa kuunga chini ya boneti ndani ya boksi la fyuzi, pana kifuniko chekundu. Ukigeuza waya hapa hasara yake ni kubwa kuliko gari yoyote niliyotaja. Na usiitumie kuwabusti wenzako, haikutengenezwa kumwagia umeme stata ya gari nyengine.

Sasa hio kontroboksi

Umefika huku, fyuzi zote nzima, betri imejaa, stata inazunguka, gari haiwaki. Geuza swichi bila ya kupiga stata, taa ya injini ya njano inawaka? Ikiwaka, kontroboksi ina uhai, tafuta petroli na plagi za injini. Isipowaka na skana haisomi kitu, mwambie fundi apime kwanza kama umeme wa EFI na waya wake wa bodi (negativu) vinafika kwenye plagi ya kontroboksi, akuoneshe kwa multimita mbele yako, mana relei ya EFI iliyoungua inaleta dalili hizo hizo kwa bei ndogo sana. Vikiwa vinafika na bado kimya, hapo kubali. Na ukienda kutafuta ya mtumba chukua ile yako mkononi, namba kwenye kibandiko zilingane zote hata tarakimu za mwisho, na kama gari yako ina immobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo) basi ununue pamoja na funguo zake na boksi lake la immobilaiza, au uhakikishe yupo mtu hapa anaeweza kuisajili funguo yako kabla ya kulipa.